Kupunguza kelele za drili ya hewa bila kuipunguzia nguvu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitoboa mwamba wa itale katika visima vya kuchimba kwa mikono pembezoni mwa mji wa Tabora. Ilinichukua muda kuelewa kwamba sehemu kubwa ya kelele za drili haitoki kwenye ncha inayogonga jiwe, bali kwenye tundu la kutolea hewa, ambako hewa iliyoshindiliwa hadi shinikizo la baa 6 hivi hufumuka ghafla kila pistoni inapokwenda na kurudi. Drili isiyo na sailensa, yaani kifaa cha kupunguza kelele, hupita desibeli 100 bila shida, na kuta za shimo humrudishia mchimbaji sauti hiyohiyo. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayoshughulikia usalama na afya kazini, hupendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku; zikifika 100, muda huo ni dakika 15 tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufunga kwenye tundu hilo kopo lililosheheni matambara. Kelele zilipungua kweli, lakini drili nayo ikalegea, kwa sababu hewa iliyokosa njia ilikuwa ikiisukuma pistoni kinyume. Kabla ya adhuhuri kopo lilikuwa limeziba kwa barafu, tena Oktoba, mwezi ambao Tabora huwaka jua! Hewa inapotanuka hupoa sana, na unyevu uliomo huganda.

Tangu hapo hutumia sailensa ya mpira yenye chumba kipana, kwa kuwa barafu haishiki kwenye mpira unaotikisika kama inavyoshika kwenye bati, na huhakikisha matundu yake yote kwa pamoja yanalizidi kwa ukubwa tundu la drili. Aidha, kila asubuhi, na tena mchana, hufungua koki ya chini ya tangi la kompresa, mashine inayoshindilia hewa, ili maji yatoke. Wengi huipuuza kazi hii ndogo, kisha huilaumu sailensa.

Wapo wanaofunga bomba refu la mpira kwenye tundu la drili na kuitoa hewa yake nje ya shimo. Utulivu unaopatikana ni mkubwa, ila katika kisima kirefu hewa ya drili ndiyo pia inayoburudisha shimo, hivyo anayeiondoa hana budi kuteremsha hewa safi kwa feni kabla mtu hajashuka. Vizibo vya masikio navyo bado vinahitajika, kwa maana mlio wa chuma juu ya jiwe hauna sailensa.