Kifuniko cha kopo hakichomelewi

Mmesema kifuniko cha kopo la chakula kinachomelewa kiwandani. Hapana, hakichomelewi wala hakigundishwi. Kinakunjwa. Rola ya kwanza ya mashine inaingiza ukingo wa kifuniko chini ya ukingo wa kopo, ya pili inaugandamiza mkunjo mpaka ubane. Ukiukata utakuta matabaka matano ya bati, matatu ya kifuniko na mawili ya kopo, na utando laini kama mpira uliopakwa kwenye kifuniko tangu mwanzo ili kuziba upenyo.

Kinachochomelewa ni ubavu, kwa umeme na waya wa shaba. Labda hapo ndipo mlipochanganya. Makopo ya soda hata ubavu wa kuchomelea hayana, yanavutwa kutoka kwenye kipande kimoja cha alumini.

Nimeseti mashine hizi za kufunga vifuniko miaka kadhaa. Kazi kubwa ya fundi wa kuseti ni huo mkunjo: unasogeza rola kidogo mno, unakata kopo, unapima kwa maikromita jinsi kulabu mbili, yaani ukingo uliopindwa wa kifuniko na wa kopo, zinavyopishana, unarudia. Tunahesabu sehemu za mia za milimita. Rola ikibana kupita kiasi bati linachanika, ikilegea kopo linavuja, na ukitazama tu, makopo yote mawili yanaonekana mazima!

Ila kopo la rangi, lile la kufungua kwa bisibisi, kifuniko chake kinashindiliwa tu. Pete inayokishika ndiyo imekunjwa.