Kabla hujasema Python ina hitilafu

Ukitengeneza programu za madirisha kwa Tkinter, maktaba inayokuja na lugha ya Python, iko siku yatakukuta: kodi (maandishi ya programu) ni ileile, kompyuta moja inafanya kazi, nyingine inagoma. Mimi yalinikuta kwa mteja muuza vipuri, Gerezani, Dar es Salaam. Kwenye jedwali lake la stoo, bidhaa inayokaribia kuisha mstari wake huwa mwekundu. Mzee kanunua kompyuta mpya, nikamwekea Python 3.7.3, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa imetoka, na jedwali zima likawa jeupe. Hakuna ujumbe wa kosa, programu haikukwama. "Fundi, wekundu wangu umekwenda wapi?"

Wengi hapo hukimbilia kuripoti kwamba Python imeharibika. Subiri kwanza. Tkinter yenyewe haichori chochote. Inapeleka maagizo kwa Tk, kazi ya watu wengine kabisa, aliyoianzisha John Ousterhout huko Berkeley, Marekani, pamoja na lugha ya Tcl. Chini ya Tk kuna Windows au Linux. Kwa hiyo kosa laweza kuwa lako, la Tkinter, la Tk au la mfumo wa kompyuta, na ukibisha hodi mlango usio wake utazungushwa tu.

Anza na namba za matoleo. Amri ya python -m tkinter inafungua kidirisha cha majaribio, lakini namba kamili utaipata kwa uhakika ukiita root.tk.call("info", "patchlevel"). Kwa mzee ilisoma 8.6.9, na kompyuta ya zamani ilikuwa na toleo la nyuma yake. Ukishajua hilo, tafuta kwenye taarifa za makosa zilizokwishatumwa, hata zilizofungwa. Toleo la 8.6.9 lina kasoro inayofahamika: kwenye Treeview, yaani jedwali la Tkinter, rangi za tagi (alama unazoweka kwenye mistari) zinafunikwa na rangi za mtindo, yaani mwonekano wa jumla wa programu. Ilirekebishwa katika 8.6.10.

Usipokuta kitu, chukua nakala ya programu uanze kukata. Toa hifadhidata, toa ukurasa wa nywila, toa ikoni, endesha tena kila ukitoa. Ubaki na dirisha moja, Treeview moja, tagi moja na mistari miwili ya data za kubuni, si majina ya wateja wa watu. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo ripoti yenyewe. Mara nyingi kosa hupotea katikati ya kukata, ukajua lilikuwa lako. Likibaki, andika kitu hichohicho kwa Tcl ukiendeshe kwenye wish, programu ya kuendeshea Tcl na Tk bila Python. Likijitokeza na huko, wapelekee watu wa Tcl/Tk. Likionekana kwenye Python peke yake, nenda kwenye tovuti ya GitHub, zilikohamia taarifa za makosa ya Python mwaka 2022.

Andika ulichotarajia, kilichotokea, na matoleo yote. Kodi ibandike kama maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye mwanga wa dirishani, haiendeshwi na mtu. Na habari za mteja kukasirika usiwaandikie wanaopokea ripoti, wengi wao wanajitolea.

Mteja naye hatasubiri toleo jipya. Mzee nilimpitishia style.map, amri ya kupanga rangi za mtindo, inayoondoa hali za "!disabled" na "!selected" (mstari usiozimwa na usiochaguliwa), wekundu ukarudi. Kiraka kama hicho kiandikie maoni pembeni, uweke na namba ya taarifa, ili atakayeifungua kodi hiyo baadaye ajue lini anaweza kukifuta.