Kabla hujabishana kuhusu makocha wa United, uliza alikuta nini

Msomaji wa Morogoro kaniandikia wiki hii. Wamenuniana na shemeji yake tangu Jumapili, kisa Mourinho na Ten Hag. Shemeji anashikilia kuwa tangu kocha Ferguson aondoke 2013 hajatokea kocha kama Ten Hag pale Manchester United. Yeye anasema Mourinho, ila kila akitoa hoja anazomewa. Anaomba ushauri.

Mdogo wangu, umekuja mahali penyewe. Mimi kwa ajili ya Mourinho huyo huyo nilitolewa kwenye grupu la WhatsApp.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2019. Jamaa alikuwa keshatimuliwa Desemba, baada ya kuchapwa 3-1 na Liverpool pale Anfield. Akahojiwa kwenye televisheni, akasema kumaliza wa pili na United ni miongoni mwa kazi bora alizowahi kufanya. Anasema hivyo mtu aliyebeba Ligi ya Mabingwa na Porto 2004, na makombe matatu msimu mmoja na Inter 2010! Grupu zima likaangua kicheko. Nikaandika ujumbe mrefu kuwaambia pointi 81 na kikosi kile si mchezo, mzee anajua alichokiona mle ndani, na siku moja mtazikumbuka hizo pointi. Admini akaniondoa bila hata kuniaga. Mtu nimesoma naye, harusi yake nimechangia.

Miaka ikaenda. Msimu wa 2024-25 United ikamaliza ya 15 na pointi 42, ikafungwa na Tottenham fainali ya Ligi ya Europa kule Bilbao, na mmoja wa wale waliocheka akanipigia simu kuniambia "kaka, ulituambia." Nilifurahi? Nilifurahi sana, sitaki kudanganya. Grupu sijarudishwa mpaka leo.

Sasa ushauri. Ukitaka kuheshimika kijiweni, na najua unataka kama mimi, usianze na makombe. Anza na kocha alikuta nini. Moyes, aliyempokea Ferguson, anachekwa kwa kuiacha timu nafasi ya saba, lakini 2013 alikabidhiwa nyumba ambayo bati lilishaanza kuvuja: mabeki Ferdinand, Vidic na Evra umri umekwenda, Giggs anatimiza miaka 40, Scholes kastaafu. Mtendaji mkuu David Gill naye akaondoka kiangazi kile kile na Ferguson. Dirisha lote la usajili likaisha na mchezaji mmoja tu wa maana, Fellaini, siku ya mwisho. Mkataba wa miaka sita ukaishia miezi kumi.

Van Gaal alipewa pesa, hilo nakubali, na soka lake lilikuwa linatutia usingizi bandani. Ila alimpa Rashford nafasi, akachukua Kombe la FA 2016, na siku mbili baadaye wakamfukuza. Kwa hiyo ukimpima kwa kombe peke yake, utakwama hapo hapo.

Na mapenzi yaweke pembeni. Hapa ndipo wengi wanapokwama, hasa kwa Solskjaer, aliyempokea Mourinho. Goli lake la 1999 dhidi ya Bayern, lililowapa United Ligi ya Mabingwa, ni la mchezaji, haliingii kwenye hesabu ya kocha. Kama kocha wa United hakubeba kombe hata moja. Alifika fainali ya Europa 2021 dhidi ya Villarreal, penati 21 zikaingia mfululizo, kipa wetu De Gea akakosa ya 22. Usiku ule nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka hata kuongea na bodaboda. Pamoja na hayo, alimaliza wa tatu kisha wa pili, na anayemwita garasa anakosea.

Mashabiki wa Kiswahili tuna ugonjwa mmoja, tunamhukumu mtu kwa mechi ya juzi. Hata hapa kwetu, Simba au Yanga ikitoa sare mbili, tayari watu wanamlilia kocha aliyeondoka, yule yule waliyemtukana. Tuache. Tuulize nani anaajiri, nani anasajili, nani anashika pochi. Familia ya Glazer iliinunua United 2005 kwa mikopo, deni likawekwa juu ya klabu yenyewe. Makocha wamepita, deni halijaondoka. Narudia tena: alikuta nini?

Tukirudi kwa shemeji. Mpe haki yake kwanza. Ten Hag alibeba Kombe la Ligi 2023 na Kombe la FA 2024, tena mbele ya Manchester City. Kisha muulize kwa upole msimu ule wa 2023-24 walimaliza wa ngapi kwenye ligi. Wa nane. Akianza kutaja majeruhi, mkubalie, walikuwa wengi kweli. Halafu mpeleke kiangazi cha 2018. Mourinho katoka kumaliza wa pili, anaomba beki wa kati, wanamletea Fred, kijana Dalot, na Lee Grant, kipa wa akiba. Magazeti ya Uingereza yalimtaja Maguire miongoni mwa mabeki aliowataka. Akanyimwa, akafukuzwa, na 2019 klabu ile ile ikamnunua Maguire huyo kwa pauni milioni 80. Muulize shemeji, mwaka mmoja nyuma hiyo pesa ilikuwa wapi?