Maswali yenu: folda ya ofisini inafunguka kwa dakika nne

SWALI: Fundi, habari za kazi. Sisi ni wachoraji wa ramani za majengo, tuko sita. Picha zote za saiti tunaziweka kwenye seva moja, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima, na kwenye kompyuta zetu inaonekana kama kiendeshi Z. Folda ya mwaka huu imefika picha 4,000. Nikiifungua, ule mstari wa kijani juu ya dirisha unatambaa, unatambaa, namaliza kuongea na simu bado haujafika mwisho. Nimehesabu: dakika nne. Lakini nikishaipata picha ninayoitaka, nikibofya inafunguka papo hapo. Anayetuhudumia anasema seva imezeeka, tununue nyingine. Wenzangu wameshaanza kuweka kazi kwenye kompyuta zao ili wasisubiri. Tufanyeje?
– Mchoraji, anatumia Windows

JIBU: Dada yangu, msinunue kwanza. Barua yako nimeitanguliza kwa sababu ya sentensi moja: picha ukishaipata, inafunguka papo hapo. Seva iliyochoka ingechoka kote, kwenye kuorodhesha na kwenye kufungua. Yenu inakuletea picha nzima, megabaiti kadhaa, bila kusita. Orodha ya majina 4,000 ni mzigo mdogo kuliko picha moja ya kamera ya kisasa. Kwa hiyo mle ndani kuna kazi nyingine inafanyika ambayo wewe hukuiomba.

Fanya jaribio hili kabla ya lolote. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika dir, acha nafasi, andika njia ya folda hiyo kuanzia Z:\, kisha bonyeza Enter. Ni seva ileile, kebo ileile, folda ileile. Kilichobadilika ni anayeuliza tu. Orodha ikishuka ndani ya sekunde mbili tatu, basi seva na mtandao ni wazima, na tatizo liko kwenye kisimamizi cha faili, yaani lile dirisha unalofungulia folda. Ikishuka kwa kusuasua kama ilivyo kwenye dirisha, niandikie tena, tutaanza na seva.

Nina hakika kiasi kwamba itashuka haraka, na sababu ni hii. Amri ya dir inaiuliza seva swali moja: humu mna nini? Seva inajibu kwa mafungu, majina mengi kwa mkupuo, pamoja na ukubwa na tarehe ya kila faili. Lakini Windows ikishaamua kwamba folda fulani ni ya picha, haitosheki na hayo. Inataka kujua picha ilipigwa lini, ina upana gani na urefu gani, ina lebo zipi. Majibu hayo hayamo kwenye orodha ya seva, yamo ndani ya kila faili. Basi inalifungua, inasoma kipande, inalifunga, inaenda kwa linalofuata. Hesabu safari tatu tu kwa faili moja, kwenda na kurudi. Faili 4,000 ni safari 12,000. Kwenye waya mzuri, safari moja haifiki hata milisekunde moja, kwa hiyo yote yanaisha ndani ya sekunde 12. Kwenye Wi-Fi iliyolemewa, ambako safari moja inachukua milisekunde 20, unapata sekunde 240. Ndizo dakika nne zako. Ni makadirio, kwa kuwa Windows huweza kuuliza mambo kadhaa kwa wakati mmoja, lakini yanakuonyesha muda unakopotelea. Na uone hapo kwamba upana wa njia hauhusiki hata kidogo. Mngekuwa na mtandao wenye kasi mara kumi, safari zingebaki 12,000.

Sasa tiba. Bofya kulia kwenye folda yenyewe, ingia "Properties", kisha "Customize". Utakuta folda imewekwa kuwa ya picha. Chagua "General items" na uweke tiki ili folda zilizo ndani yake zifuate. Halafu ifungue kwa mtindo wa orodha yenye safu, ubofye kulia kwenye vichwa vya safu, uondoe tarehe ya kupigwa picha, vipimo na lebo. Bakiza jina, tarehe ya kubadilishwa, aina na ukubwa. Hizo nne hazihitaji kufungua faili hata moja. Na kama mmezoea kupanga kwa tarehe ya kupigwa picha, acheni mara moja, maana hapo kompyuta inalazimika kuzisoma picha zote 4,000 ndipo ijue ipi ikae juu.

Kuna watakaokwambia uzime kabisa vijipicha vya kuchungulia. Kwa mhasibu ningekubali. Kwenu ninyi sikushauri, kwa sababu mchoraji huitambua picha ya saiti kwa kuiona, si kwa jina lililotungwa na kamera. Afadhali mzigawanye. Folda moja kwa kila jengo, na ndani yake folda kwa kila ziara, mia mbili au tatu kila moja. Hapo vijipicha mnavipata na hamsubiri. Tena antivirasi, ambayo kwa kawaida hukagua kila faili linapofunguliwa, nayo inapumua. Usiizime.

Lililoniumiza katika barua yako ni hao wenzako wanaohifadhi kazi pembeni. Ninawaelewa kabisa, dakika nne mara kumi kwa siku zinachosha mtu yeyote. Lakini wiki ya tatu mtakuwa na michoro miwili ya jengo moja, yote ina jina lile lile, na hakuna atakayejua upi ulirekebishwa ngazi. Nimewahi kukaa na ofisi mpaka usiku tukilinganisha mistari ya mchoro mmoja na mwingine kwenye skrini mbili, mlango kwa mlango. Tengeneza folda leo, kisha mwombe kila mmoja arudishe kazi yake kwenye Z kabla hamjasahau nani ana nini.

SWALI: Kila asubuhi, mtu wa kwanza kufungua hifadhi yetu ya pamoja husubiri kama sekunde kumi, dirisha limeganda. Baada ya hapo siku nzima ni shwari. Je, inakufa?
– Karani wa ofisi

JIBU: Hapana ndugu yangu, imelala. Hifadhi nyingi za namna hiyo husimamisha diski zisipoguswa kwa muda, ili kuokoa umeme na kupunguza joto. Anayefika kwanza ndiye anayeziamsha, na diski inahitaji sekunde kadhaa ili izunguke kwa kasi yake ya kazi. Ukisogeza sikio utaisikia ikianza kunguruma. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya hifadhi, tafuta muda wa diski kulala, uurefushe au uuzime kwa saa za kazi. Iwapo utasikia mgongano wa kurudiarudia badala ya mngurumo, hilo ni jambo jingine: nakili kila kitu mahali pengine siku hiyohiyo.

SWALI: Fundi, seva yetu ya zamani iliondolewa mwezi uliopita, na vitu vyote vimehamia kwenye mpya. Tangu hapo kompyuta yangu inaganda kama sekunde 20 kila nikifungua dirisha la mafaili, hata nikitaka kitu kilichomo kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Ya jirani yangu haina shida.
– Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Kompyuta yako bado inapiga hodi kwenye nyumba iliyobomolewa. Mahali fulani imeandikwa kwamba kuna seva kwa jina lile la zamani, na kila ukifungua dirisha inaenda kuisalimu. Anwani ambayo hakuna wa kuijibu hairudishi hata neno "hapana", kwa hiyo Windows inabisha, inangoja, inabisha tena kwa kungoja zaidi, mpaka sekunde 20 hivi ndipo inakata tamaa. Usahihi wa namba uliyonitajia ndio ulionielekeza huku. Mtandao mzito hubadilikabadilika, ila anayengoja mpaka muda uishe huchukua muda uleule kila mara.

Kwenye dirisha la amri andika net use. Utaletewa orodha ya viendeshi vyote vya mtandao. Ukiona herufi inayoelekea seva ya zamani, tuseme Y, andika net use Y: /delete. Halafu tazama upande wa kushoto wa dirisha la mafaili, kule kwenye folda zilizobandikwa na za karibuni, uondoe kila kinachotaja jina la zamani. Usisahau njia za mkato zilizo kwenye skrini kuu, kwani hata kuchora aikoni tu, Windows yaweza kwenda kuuliza ilikotoka. Jirani yako huenda hakuwahi kuhifadhi herufi ile, ndiyo maana yuko salama.

SWALI: Mimi orodha inafunguka vizuri, ila kunakili ni shida. Video ikitoka kwenye seva haivuki megabaiti 11 kwa sekunde, iwe asubuhi au usiku. Kompyuta ya pembeni yangu, kwenye swichi hiyohiyo (kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao), inapata zaidi ya 100.
– Mhariri wa video

JIBU: Kaka, hapa njia yenyewe ndiyo imebana. Kuanzia mwanzo mwa safu hii nimekuwa nikiutetea mtandao, lakini kwako nauelekezea kidole. Megabaiti 11 ni alama ya kebo inayofanya kazi kwa megabiti 100. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gawanya 100 kwa 8 upate 12.5, toa gharama za usafirishaji, unabaki na 11 na kitu. Jirani yako yuko kwenye gigabiti, yaani megabiti 1,000.

Ndani ya kebo kuna nyaya nane, jozi nne. Gigabiti inazihitaji zote nne. Megabiti 100 inatosheka na mbili, ya chungwa na ya kijani. Jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika, kadi nyingi za mtandao hushuka kimya kimya mpaka 100, na intaneti itaenda kama kawaida, kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Niliwahi kupoteza siku mbili kwa jambo hili, nikibadilisha mipangilio ya seva, mpaka nilipopiga magoti chini ya meza. Mguu wa kabati ulikuwa umeikalia kebo. Nilipoichana ganda, waya wa kahawia ulikuwa umekatika, ncha zake zimeachana kwa upana wa ukucha, na saba nyingine zilikuwa zinang'aa kama mpya.

Fungua hali ya muunganisho wako wa mtandao usome kasi iliyoandikwa. Ikiwa ni 100, badilishaneni kebo na huyo jirani kwa dakika tano. Kasi ikihama na kebo, fuatilia kebo yako kwa mkono kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye swichi, sentimita kwa sentimita, na uanze na pale inapopita chini ya kitu kizito.