Kukimbia Baridi kwa RV: Chagua Pwani Moja, Ukae

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Columbus, Ohio, aliniandikia. Alikuwa ameona picha zangu za Port Aransas, mji wa pwani ya Texas, nimejifunga kanga na kuvaa kandambili katikati ya Januari, akaniuliza maswali mawili. Yeye na mumewe wanunue RV, yaani gari la kusafiria lenye makazi ndani yake, ya namna gani ili nao wakimbie baridi? Na je, sisi hatukuogopa watu watasemaje? La kwanza nitalijibu upesi. La pili limenikaa rohoni tangu siku hiyo.

Kwa msiotufahamu, mimi ni wa Tanga, Ngamiani, na kwa miaka mingi nimehudumia wazee katika nyumba za wazee Minnesota, shifti juu ya shifti, kama mnavyojua wenyewe mnaobeba boksi. Baba Watoto alikuwa dereva wa malori makubwa mpaka magoti yakamkataa. Minnesota imetulea na sina neno baya juu yake, lakini baridi ya kule ikishafika nyuzi 20 chini ya sifuri, mwenye ugonjwa wa viungo anakuwa mfungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilimwona mume wangu akishuka ngazi kwa makalio. Mwanamume aliyeivuka Marekani nzima kwa lori! Hapo ndipo tulipoamua.

Tukatoa akiba tukanunua RV iliyotumika, daraja C, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, na jiko, choo na bafu humo humo ndani. Taslimu, bila mkopo. Wiki haikuisha, shoga yangu niliyekula naye sahani moja akaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kwamba benki imetutoa kwenye nyumba na sasa tunalala garini. Simu za pole zikaanza. Kamati ya harusi ya mtoto wa rafiki yetu ikanifuta kwenye orodha ya michango, eti wasinitie aibu. Mimi! Niliyepika pilau katika sherehe za nusu ya hao waliokuwa wakinisikitikia. Nyumba yetu ipo. Binti yetu na mumewe wanakaa humo, na ndio wanaohakikisha mabomba hayagandi tukiwa mbali. Yule shoga sikumjibu neno, na mpaka leo hajaniomba radhi. Nimemsamehe kwa mdomo, moyo bado naushughulikia.

Haya, gari. Mdogo wangu, kabla hujaangalia makochi na televisheni, mwambie mumeo apande juu aangalie paa. Paa likivuja, mbao za ndani huoza kimya kimya. Bonyeza kuta kwa kidole, hasa pembeni mwa madirisha na kwenye pembe za kile kitanda cha juu. Pakibonyea, rudisha funguo uondoke. Halafu angalia ubavu wa tairi, palipoandikwa DOT. Tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka zilipotengenezwa, kwa mfano 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. RV hukaa uani miezi na miezi, kwa hiyo tairi zake huzeeka kabla hazijawa kipara. Muuzaji atakuonyesha jinsi zinavyong'aa. Wewe soma tarakimu.

Safari yenyewe ni barabara moja. I-35 inaanzia Duluth, kaskazini mwa Minnesota, na inakwenda mpaka Laredo kwenye mpaka wa Meksiko. Sisi tunaiacha San Antonio, tunashika I-37 mpaka inapoishia Corpus Christi. Kutoka Minneapolis ni zaidi ya kilomita 2,000. Iowa mpaka Oklahoma sina la kuwasimulia. Jambo kubwa la njiani ni maji: msiyatie kwenye mabomba ya RV mkiwa bado kwenye baridi. Tunasafiri mabomba yakiwa yamejazwa ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, iliyotengenezwa kwa propylene glycol maalumu kwa mabomba ya maji ya kunywa. Ile ya kwenye rejeta ya injini ni sumu, msithubutu. Choo tunakisukuma kwa galoni za maji za dukani. Tukishaingia Texas na usiku hauna tena barafu, ndipo tunasafisha mabomba na kujaza tangi. Na tunatazama hali ya hewa ya Iowa kabla ya kuondoka. Kukiwa na barafu barabarani tunangoja, hata kama mizigo imeshapakiwa.

Sasa niwaambie tunakokwenda, maana hapa ndipo penye utamu. Pwani ya Texas kuanzia Rockport kushuka mpaka Padre Island ina kisiwa kirefu chembamba mbele, ghuba nyembamba ya maji ya chumvi nyuma yake, na bara upande wa pili. Mchana wa Januari mara nyingi hufika nyuzi 18 au 20, na hewa ina ule uzito wa chumvi ninaoujua tangu utotoni Raskazone. Bahari yenyewe ni baridi wakati huo, msitarajie kuogelea. Lakini kutembea mchangani kila asubuhi kumefanya kwa magoti ya mume wangu kitu ambacho vidonge havikufanya.

Kutoka Aransas Pass kwenda Port Aransas mnavuka kwa pantoni ya serikali, bure, usiku na mchana. Mara ya kwanza pomboo waliibuka ubavuni mwetu, Baba Watoto akashuka kwenye kiti akasimama bila fimbo. Mkienda kusini mnafika Mustang Island, kwenye mbuga ya jimbo yenye umeme na maji ya kuunganisha, kisha Padre Island National Seashore, hifadhi ya taifa ya pwani iliyolindwa tangu 1962, yenye ufukwe usio na hoteli wala duka kwa zaidi ya kilomita 100. Kambi ya Malaquite iko pale mbele ya bahari. Haina umeme wala bomba la kuunganisha kwenye gari, ila mahali pa kumwaga maji taka na kujaza maji safi papo. Watu wanaendesha magari kwenye mchanga, nanyi mtashawishika. Msiingie na RV, ni nzito na mchanga laini unaimeza. Na mkiona kitu chenye kibofu cha bluu kimetupwa na mawimbi, msikishike hata kama kimekufa, kinachoma vibaya.

Mimi lakini roho yangu iko Rockport. Karibu na pale ndiko wanakokuja korongo wakubwa weupe, whooping crane, ndege mrefu kuliko wote Amerika Kaskazini, karibu kimo changu. Wanazaliana Wood Buffalo huko Kanada na kila msimu wa baridi wanashuka mpaka hifadhi ya Aransas, safari ya kilomita kama 4,000. Mwaka 1941 dunia nzima walikuwa hawafiki 25. Sasa kundi hili peke yake limepita 500. Wanafika Oktoba na Novemba, wanaondoka Machi na Aprili, wawili wawili na mtoto wao katikati. Niliwatazama kwa darubini ya jirani, nikasema moyoni, hawa nao wamehama nyumba yao kwa sababu ya baridi na hakuna anayewapigia simu ya pole.

Goose Island, mbuga ya jimbo isiyo mbali na mji, kuna mwaloni uliozidi miaka 1,000, umesalimika hata kimbunga Harvey kilichopiga pale Agosti 2017. Kuna pia gati refu la kuvulia. Ndani ya mbuga za jimbo la Texas huhitaji leseni ukivua kutoka ufukweni au gatini, jambo ambalo mtu wa Tanga hawezi kulisikia akabaki amekaa. Baba Watoto anavua sheepshead, samaki mwenye milia na meno kama ya mtu, mimi namtia tui la nazi na ndimu. Nazi zinapatikana kwenye maduka ya H-E-B, ndizi mbichi pia. Nyama ya halali tunanunua San Antonio tukipita na kuigandisha.

Majirani zetu kwenye kiwanja cha kuegesha RV ni wastaafu kutoka Iowa, Wisconsin, Minnesota yenyewe na Kanada. Mwanzoni walinitazama, mama mwenye hijabu peke yake katika uwanja mzima. Ijumaa moja kila mmoja alileta chakula kwenye ukumbi, nikapeleka sufuria la pilau. Tangu hapo nikichelewa kufika wanakuja kugonga mlango.

Haya yote tumeyapata kwa sababu tunakaa. Ndilo ninalotaka mlishike. Wengi wakishanunua RV wanataka kuona Florida, Louisiana, Texas na Arizona katika msimu mmoja. Kila siku kufungasha, kila jioni kutafuta pa kulala, na gari hizi zinakunywa mafuta, galoni moja mara nyingi haivuki maili 10. Wanarudi wamechoka kuliko walivyoondoka na gari linauzwa. Chagueni pwani moja. Viwanja vya binafsi vina bei ya mwezi iliyo chini sana kuliko kulipa siku kwa siku, umeme mnalipa kwa mita. Mkitaka mbuga za jimbo, mnaruhusiwa siku 14 kisha mnahama, basi ingieni mbuga hizo katikati ya miezi yenu ya kiwanja. Kaeni mpaka mjue muuza samaki anafungua saa ngapi.

Na msidhani Texas haina baridi. Upepo wa kaskazini ukishuka, mnaamka na kandambili na kufikia adhuhuri mnatafuta makoti. Februari 2021 tulikuwa Rockport ile dhoruba ilipokuja. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 za jimbo zilikatika umeme, mabomba yakapasuka, na kule South Padre watu waliokota maelfu ya kasa waliozimia kwa baridi wakawalaza sakafuni kwenye ukumbi wa mikutano. Sisi tulikuwa na gesi mitungi imejaa, jenereta na mafuta ya kutosha, kwa sababu mume wangu haruhusu tangi lishuke chini ya nusu. Jenereta ya gari la namna yetu inanyonya mafuta tangi lile lile la injini, na hukata yenyewe yakibaki kama robo. Mzee mmoja na mkewe, trela yao haina jenereta, walilala kwetu barakoa usoni, maana ilikuwa enzi za korona. Mama yule alilia nilipompa chai ya tangawizi. Niliwaza wale wa WhatsApp waliosema hatuna makao, usiku ule makao ya watu wanne yalikuwa ndani ya gari letu. Kwa hiyo gesi ijae, mafuta yasishuke nusu, na king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kiwe na betri mpya. Usiku ule watu Texas walikufa kwa moshi wa jenereta na majiko waliyoingiza ndani wapate joto.

Sasa swali lako la pili. Watu watasemaje? Watasema. Walisema tulipokuja Marekani, walisema tulipojenga nyumbani na walisema tulipochelewa kujenga. Lakini niulize: mwaka jana umechanga mara ngapi kusafirisha mwili wa mtu wetu kurudi nyumbani? Wangapi kati yao walikuwa wakisema watapumzika wakishastaafu? Nimewaosha wazee wengi katika kazi yangu. Hakuna aliyeniambia anasikitika kwamba hakuunganisha shifti zaidi. Waliniambia juu ya bahari, juu ya mume aliyekufa kabla ya safari waliyoipanga. Acheni kuishi kwa ajili ya kamati za harusi. Mchango toa, nami natoa, ila usitoe magoti ya mumeo. Kama mna nafasi na afya inaruhusu, nendeni mwaka huu, na mkiambiwa mmefukuzwa nyumba, waacheni waamini.

Nawe uliyeniandikia, usisubiri mpaka mpate gari ndipo mtafute nafasi. Mbuga za jimbo la Texas zinafungua nafasi miezi 5 kabla, maana yake Mustang Island ya Januari inagombaniwa Agosti. Kadi ya mwaka ya mbuga hizo inawaingiza nyote mliomo garini. Anzeni na siku za katikati ya wiki, kwa sababu wikiendi ndizo zinazoisha kwanza, na msimu rasmi wa vimbunga unamalizika Novemba 30, kwa hiyo Desemba kwenda mbele ndiyo miezi yenu.