Maswali ya Wasomaji: Folda ya Pamoja Inatosha Mpaka Lini?

Nina wateja tisa, kila mmoja na folda yake ya Google Drive. Nimeambiwa kwamba mshauri akifikisha wateja kumi ni lazima ahamie potali ya wateja, yaani tovuti ambamo kila mteja huingia kwa akaunti yake kupakia na kuona mafaili yake. Ni kweli?
*Mshauri wa mifumo ya uhasibu*

Idadi ya wateja si kipimo kizuri. Mwenye wateja 30 anaowapa ripoti moja kila mwaka anaweza kuendelea na folda bila shida yoyote. Mwenye wateja watatu lakini anashika orodha za mishahara na nakala za pasipoti, huyo amekwisha kuchelewa.

Jipime hivi. Chukua faili moja nyeti la mteja yeyote, kisha tafuta majibu ya maswali matatu: nani anaweza kulifungua sasa hivi, nani alilifungua mwezi uliopita, na ni toleo lipi mteja alilikubali na tarehe gani. Ukiyapata kwa dakika tano, baki ulipo. Ukijikuta unapekua barua pepe na ujumbe wa simu, folda imeshakuelemea.

Mara nyingi kinachokwamisha jibu la kwanza ni kiungo kilichowekwa wazi kwa yeyote aliye nacho. Barua pepe ikishasambazwa, anayefungua hajulikani ni nani. Kuna pia urithi wa ruhusa: ukimruhusu mtu kwenye folda ya juu, kwa kawaida anaziona zote zilizo ndani yake, hata ile uliyoiongeza wiki iliyofuata ukaweka hesabu za bei zako. Na watu huacha kazi. Mhasibu wa mteja aliyeondoka, kama alialikwa kwa anwani yake binafsi, ataendelea kuingia mpaka wewe umtoe.

Lingine ambalo wengi hawalijui ni umiliki. Katika akaunti binafsi za Google Drive, faili alilopakia mteja ndani ya folda yako hubaki mali yake. Akilitupa kwenye pipa la taka, baada ya siku 30 hufutwa moja kwa moja.

Kama unashika data za watu walio katika Umoja wa Ulaya, uzito unaongezeka. Chini ya GDPR, sheria ya Umoja huo ya kulinda data binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018, mwenye dhamana ya data ana saa 72 za kuiarifu mamlaka ya usimamizi tangu ajue kwamba zimevuja, na wewe unayemshikia unatakiwa kumjulisha bila kuchelewa. Bila kumbukumbu za nani alifungua nini, utamjulisha nini?

Mwaka huu siwezi kulipia potali. Naweza kuzifanya folda ziwe salama zaidi?

Unaweza, na kazi hii ungeifanya hata kama unahama kesho, kwa sababu potali haifungi milango uliyoiacha wazi nyuma yako.

Kila mteja awe na folda moja yenye folda mbili ndani: "Kutoka kwa mteja", anamopakia vitu vyake, na "Kwa mteja", ambamo anaona tu bila kuhariri. Rasimu na karatasi zako za kazi zikae nje kabisa ya folda hiyo. Kuziweka ndani na kutegemea ruhusa zizifiche ni kujitafutia balaa. Viungo vyote vilivyo wazi vigeuze kuwa ruhusa za mtu mmoja mmoja kwa anwani yake ya kazi.

Toleo lililokubaliwa litoe kama PDF, jina lake lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku (2025-03-14), ili mafaili yajipange yenyewe. Usitegemee historia ya matoleo peke yake. Kwenye Google Drive, matoleo ya zamani ya mafaili kama Word na PDF yanaweza kufutwa baada ya siku 30 au yakifika 100, isipokuwa yale uliyochagua yabaki daima. Kisha kila miezi mitatu pitia orodha ya wenye ruhusa, folda moja moja, na umuulize mteja nani bado yupo.

Tuko watatu na tumeamua kuhama. Tuangalie nini kabla ya kulipia?

Msianze na rangi wala nembo. Katika muda wa majaribio fungueni wateja wawili wa uongo, A na B, kwa anwani za barua pepe ambazo si zenu. Ingieni kama A, nakilini kiungo cha faili, mkifungue mkiwa B. Lazima mkataliwe. Rudieni katika dirisha la faragha bila kuingia kabisa. Kuna potali ambazo ukurasa unadai nenosiri lakini faili lenyewe hufunguka kwa yeyote mwenye kiungo chake. Hapo mtakuwa mmenunua folda iliyo wazi.

Hakikisheni kwamba kumbukumbu zinaonyesha aliyefungua na aliyepakua, na kwamba idhini inabaki na jina, saa na toleo. Uthibitishaji wa hatua mbili uwepo kwa wateja pia, si kwenu tu. Pakieni faili zito kuliko yote mliyo nayo, maana ukomo wa ukubwa haujitokezi mpaka siku ya kukabidhi kazi.

Halafu jaribuni kutoka. Ombeni data zote za mteja A. Mara nyingi mafaili yanatoka vizuri lakini maoni na idhini vinabaki ndani. Kama hivyo haviwezi kutolewa kwa PDF au CSV (jedwali la maandishi matupu), tafuteni kwingine.

Jambo dogo linalosumbua wengi: potali ikituma barua pepe kwa jina la kikoa chenu (kile kinachofuata alama ya @ kwenye anwani zenu), ongezeni rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba potali inaruhusiwa kutuma kwa jina lenu, kwenye DNS, yaani mipangilio ya kikoa hicho. Bila hizo, mialiko inaweza kuishia kwenye barua taka.

Tuna potali kwa miezi miwili sasa, lakini wateja bado wanatutumia viambatisho. Tufanye nini?

Kwa kawaida si ukaidi. Njia mpya ni ndefu kuliko ya zamani. Taarifa inasema "una faili jipya", mteja anabofya, anadaiwa nenosiri alilolisahau, kisha anatupwa ukurasa wa mbele aanze kutafuta. Taarifa iende moja kwa moja kwenye kitu chenyewe, na mteja aweze kuingia kwa akaunti yake ya Microsoft au Google, au kwa kiungo cha kutumika mara moja.

Badala ya kuandika "tutumieni nyaraka za ukaguzi", wekeni orodha ya maombi: vitu 12, kila kimoja na tarehe yake na mahali pake pa kupakia. Hapa ndipo potali inapoizidi folda, kwa sababu folda haijui kinachokosekana.

Nanyi mjibane. Kiambatisho kikija, kipakieni mahali pake na mjibu kwa kiungo. Ripoti ya mwisho isitoke kama kiambatisho hata mara moja, kwani mteja atajifunza kwamba akisubiri ataletewa.

Pia kagueni kama ofisi nzima ya mteja inatumia akaunti moja. Watu watano wakishiriki nenosiri moja, kumbukumbu zenu hazina maana.

Je, miradi ya zamani tuihamishe yote?

Hapana. Anza na mteja mmoja aliye tayari, mwanzoni mwa awamu mpya ya kazi, kwa wiki nne hivi. Usihamishe ripoti ikiwa katikati ya mapitio, kwa sababu maoni yatabaki upande mmoja na toleo jipya upande mwingine. Angalia pia majedwali yanayovuta takwimu kutoka mafaili mengine: yakihamishwa, viungo hivyo hukatika.

Folda ya zamani ifanye ya kusoma tu, mjulishe mteja tarehe ya mwisho, mpe siku 60, kisha ihifadhi na kufunga viungo vyote. Na mteja mwenye mfumo wake, tumia wa kwake. Ila pakua nakala ya kila kilichoidhinishwa kabla mkataba haujaisha, kwa sababu mradi ukifungwa akaunti yako nayo inaweza kufungwa siku hiyohiyo.