Antivirusi kwenye simu za watu wa mauzo: kwanza amua usichotaka kukiona

Ndugu, umeuliza ufanye nini: kampuni yenu ya usambazaji ina watu wa mauzo kama 40, karibu wote wanatumia simu zao wenyewe, na mkurugenzi ameshalipia leseni za antivirusi akitaka ziwe kwenye kila simu kabla mwezi haujaisha. Baadhi waliiweka asubuhi, jioni wakaifuta. Kazi hii nimeifanya miaka kadhaa huku Eneo la Viwanda, Nairobi, kwa watu wanaozunguka Gikomba, Kayole na Githurai wakichukua oda, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Antivirusi ndiyo sehemu ndogo kabisa ya shida yako. Kwenye Android kila programu imetengwa na nyingine, na antivirusi ni programu tu kama hizo nyingine. Haiwezi kuingia ndani ya WhatsApp au barua pepe ikachungulia kinachoendelea. Inachofanya ni kukagua programu zilizowekwa na kuonya kuhusu viungo vibaya, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa Play Protect ya Google inaifanya tayari bila malipo. Sisemi leseni zitupwe. Lakini jiulize: leo ukipigiwa kwamba simu ya mtu imepotea, unajua kama ilikuwa na orodha ya wateja wenu? Unaweza kuiondoa orodha hiyo ukiwa ofisini? Kama jibu ni hapana, unachohitaji ni mfumo wa kusimamia vifaa, yaani programu ambayo simu husajiliwa ndani yake ili msimamizi aweze kuzilinda na kufuta data za kazi akiwa ofisini. Antivirusi itakuja baadaye ndani ya mfumo huo.

Na hapa Nairobi hatari ya kwanza ni mkono wa mtu. Simu inanyakuliwa dirishani mwa matatu kwenye foleni, au na mtu aliyepakiwa kwenye bodaboda. Wengi hawatilii maanani jambo hili: simu hunyakuliwa ikiwa wazi, mwenyewe akiwa anaiangalia. Nywila ya kioo haijafanya kazi yoyote dakika hiyo. Ndiyo maana nasisitiza upande wa kazi wa simu (nitaueleza hapa chini) uwe na PIN yake, tofauti na ile ya simu, na ujifunge wenyewe haraka. Pia waonyeshe watu wako namna ya kuwasha kinga ya wizi ambayo Google ilianza kuisambaza mwaka 2024 kwa simu za Android 10 kwenda juu. Simu ikihisi imepokonywa na mtu anakimbia nayo, inajifunga. Haina gharama, na ni jambo linalomfaa mwenye simu mwenyewe, kwa hiyo anza nalo. Watu watakusikiliza vizuri zaidi ukiwa umewapa kitu kwanza.

Sasa tuje kwa wanaofuta programu jioni. Usiwaite wakaidi, wana sababu. Wengi wetu tumeona programu za mikopo zilizosoma orodha ya namba za mtu, halafu alipochelewa kulipa zikampigia bosi wake na wakwe zake. Google ilizikataza programu za mikopo kusoma namba na picha za watu mwaka 2023, lakini hofu haiondoki kwa tangazo. Mtu aliyepitia hayo akiona programu ya kampuni inaomba ruhusa ya faili, mahali alipo na meseji, ataifuta, na mimi ningeifuta.

Njia iliyonifaa ni wasifu wa kazini. Umo kwenye Android tangu toleo la 5, na mifumo karibu yote ya usimamizi inautumia. Simu inagawanywa pande mbili: programu za kazi zinapata alama ya mkoba, na zile za mwenyewe zinabaki zilivyo. Kampuni inakuwa mpangaji wa chumba kimoja ndani ya nyumba ya mtu. Antivirusi yenu, barua pepe na programu ya oda vinakaa humo. Kwenye simu ya mtu binafsi iliyosajiliwa hivyo, msimamizi anaona aina ya simu, toleo la Android na hali ya ulinzi wake, na anaweza kudai simu iwe na nywila. Haoni picha, meseji, wala programu za upande wa pili. Akifuta, anafuta upande wa kazi peke yake. Na mfanyakazi ana kitufe cha kuzizima programu za kazi akifika nyumbani. Wakubwa wengi hawakipendi kitufe hicho. Mimi nakitetea kila mara, maana ndicho kinachomfanya mtu aache mfumo kwenye simu yake.

Lakini maelezo ya mdomo hayatoshi. Sisi tuliwakusanya watu, tukasajili simu moja mbele yao, kisha tukaonyesha ukutani dashibodi ya msimamizi, ukurasa ule ule ninaouona mimi. Mama mmoja anayeshika hesabu za chama chao aliuliza, "Na meseji zangu za M-Pesa mtakuwa mnazisoma?" Nikamwambia, "Mama, njoo hapa, tafuta mwenyewe popote unapoona meseji." Akabonyeza kila mahali, hakupata. Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wenzake, na walimwamini kuliko walivyoniamini mimi.

Mkurugenzi wako ataomba kitu kimoja zaidi: kuona mahali watu walipo. Kataa kwa simu za watu binafsi, na ukatae mapema kabla hajaizoea hiyo fikra. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ikusanywe kwa sababu iliyo wazi na isizidi mahitaji. Kama kampuni inahitaji kweli kujua njia za mauzo, inunue simu zake, iseme kwa maandishi, na ifuatilie saa za kazi tu. Mambo haya yote, pamoja na orodha ya kile unachoona na usichoona, yaandike kwenye ukurasa mmoja kwa Kiswahili ambacho kila mtu atakisoma bila kuuliza. Watu watie sahihi wakiwa wameelewa, na kila mmoja abaki na nakala.

Kuna tatizo ambalo miongozo ya nje haiwezi kukutajia, nalo ni simu za mkopo. Watu wengi wa mauzo wanalipia simu zao kidogo kidogo kila siku, na ndani yake mna programu ya mkopeshaji yenye uwezo wa kuifunga simu malipo yakikwama. Android inaruhusu programu moja tu iwe msimamizi mkuu wa kifaa. Kama nafasi hiyo imeshikwa, usajili wako utagoma, na usijaribu kuiondoa programu ile: utamharibia mtu mkataba wake, pengine na simu yenyewe. Vilevile baadhi ya simu ndogo za Android Go (Android nyepesi ya simu za bei nafuu) hazina kabisa wasifu wa kazini, na hata zilizo nao, nafasi ikishajaa kila kitu kinakwama. Kwa kundi hili sikupata njia ya mkato. Kampuni ilinunua simu za bei ya kati na kuzisajili kuwa zake kamili: simu ikiwa mpya au imerudishwa hali ya kiwandani, gusa kioo mara 6 kwenye ukurasa wa kukaribishwa, kamera inafunguka, unasoma msimbo wa QR wa mfumo wenu, mfumo unajiweka. Fanyeni ofisini kwa Wi-Fi. Usimfanye mtu achome bando lake kwa programu ya kampuni, na masasisho yawekwe yashuke kwa Wi-Fi peke yake.

Kuhusu simu kupotea, jambo linaloamua kila kitu ni mtu kuripoti mapema. Kampuni moja niliyofanyia kazi ilikuwa inakata mshahara kwa kila simu iliyopotea. Matokeo yake mtu aliyeibiwa Ijumaa jioni alinyamaza hadi Jumatatu akijaribu kuitafuta mwenyewe River Road. Sheria hiyo ilipoondolewa, ripoti zilianza kuingia usiku huo huo. Toa namba moja inayopokelewa hata Jumapili, na kila mtu aishike kichwani, kwa sababu namba iliyo ndani ya simu iliyoibiwa haina faida.

Ukipokea habari hiyo, kwanza funga akaunti yake kwenye seva: iondoe kwenye kila kifaa ilikofunguliwa na ubadilishe nywila. Ndipo utume amri ya kufuta. Amri ya kufuta inasubiri simu iingie mtandaoni, na mwizi kwa kawaida hutoa laini mara moja, huenda amri isifike kamwe. Kufunga akaunti hakumsubiri mtu. Mwenye simu naye afungiwe laini na M-Pesa, kisha apige ripoti kituoni apate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Ndiyo sababu IMEI za simu zote, yaani namba za utambulisho wa kila simu (piga *#06# kuiona), inafaa ziwe zimeandikwa mahali kabla. Kama data za wateja zimeingia mikononi mwa mtu na zinaweza kuwadhuru, mna saa 72 tangu mlipojua kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data. Muda huo ni mfupi kama mlianza kuhesabu mkiwa mmechelewa.

Anayeacha kazi, ondoa upande wa kazi mbele ya macho yake siku ya mwisho, aone picha zake zimebaki.

iPhone bila shaka ni za wakubwa wachache. Huko kuna cheti cha Apple kinachouruhusu mfumo wenu kuzisimamia, ambacho lazima kihuishwe kila mwaka kwa akaunti ile ile iliyokifungua. Kifungue kwa akaunti ya ofisi, maana mwenye akaunti akihama na cheti kikaisha, mtasajili simu zote upya.

Kuhusu simu zenye Android ya zamani, usiwafungie barua pepe siku ya kwanza, utasimamisha mauzo. Weka onyo tu kwa muda, uone ni ngapi, kisha mjadiliane na mkurugenzi nani anunuliwe simu. Ninachokataa tangu mwanzo ni simu iliyofunguliwa mizizi ya mfumo ("root"), yaani iliyoondolewa vizuizi vya ulinzi vya Android. Hiyo haiingii.

Kama mnalipia barua pepe ya Google Workspace au Microsoft, angalia mpango wenu kabla ya kununua kingine, huenda usimamizi wa simu umo ndani. Kisha pita kwa watu wako 40 uandike aina ya simu, toleo la Android, nafasi iliyobaki, na kama iko kwenye mkopo. Ukiibandika orodha hiyo hapa bila majina yao, nitakuambia zipi zitakubali wasifu wa kazini na ngapi mkurugenzi atalazimika kununua.